Sufuria Moja ya Raili Heikura

Siku Raili Heikura alipoyatoa mayai yote kwenye jiko la chekechea, aliyabeba mwenyewe mpaka kwa jirani yake Anneli, trei juu ya trei, akivuka barabara yenye barafu polepole kama mtu aliyebeba kichanga. Anneli alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni.

"Haya nayo ya nini?"

"Chukua. Kwangu hayana kazi tena."

"Raili, una homa?"

"Sina. Injika kahawa."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemshika mkono mdogo wangu Nuutti, na yeye ndiye aliyeyafukuza hayo mayai. Alikuwa na miaka minne. Watoto wengine wakila kitu kisichopatana nao hujikuna kidogo, yakaisha. Nuutti yai lilikuwa linamfunga koo. Mara ya kwanza alikuwa hajaanza hata kutembea, mama alimlambisha ncha ya kijiko tu, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna pakiti inayofunguliwa kabla hatujasoma yale maandishi madogo ya nyuma.

Raili alipika pale chekechea ya Hietavaara tangu kabla sijazaliwa. Mwanamke mfupi, mabega mapana, nywele anazikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Usichana wake aliumalizia kwenye kambi za wakata miti, akiwapikia wanaume wanaorudi jioni wameganda ndevu, na nadhani ni huko alikojifunza kusema maneno machache na kujaza sahani. Mume wake, Veikko, alianguka uani akizoa theluji na hakuamka. Mtoto wake wa pekee, Ismo, yuko Norwe kwenye meli za samaki, anapiga simu Jumapili. Wa kumsemesha kila siku alikuwa huyo jirani yake Anneli, mwimbaji wa kwaya, mtu anayeweza kuongea kwa niaba ya watu wawili.

Mama yetu, Jaana, anafanya kazi za zamu kwenye nyumba ya wazee mjini. Mimi shule nilishaiacha, kwa hiyo kazi ya kumpeleka na kumfuata Nuutti ilikuwa yangu. Nilikuwa nawahi. Nakaa kwenye benchi la kuvulia viatu, karibu na dirisha ambalo Raili alipitishia sahani, na kutoka pale unaona jiko lote na meza zote. Ukikaa kimya muda mrefu watu wanasahau kuwa upo.

Mtoto mwenye mzio ana utaratibu wake, na utaratibu huo haukutungwa na mtu mbaya. Sahani yake hutoka ya kwanza. Ina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna kipande cha utepe mweupe chenye jina lake. Mtoto mwenyewe hukaa kwenye meza ndogo kando ya dirisha la nje, peke yake na mwalimu, ili chakula cha wengine kisimrukie. Nuutti alikaa pale vuli nzima. Alizoea kula akiwa amegeuza shingo, anawaangalia wenzake.

Kilichomshinda Raili kilikuwa Alhamisi. Alhamisi kwetu ni supu ya njegere kavu, nzito, na baada yake chapati ya sinia, ile ya maziwa na mayai inayookwa kwenye oveni mpaka inavimba na kuungua kingo. Harufu yake inafika mpaka barabarani. Watoto wanaimaliza supu mbio mbio kwa ajili yake. Nuutti yeye alikuwa anafunuliwa kifuniko chake na kukuta mkate mkavu wa mchele wenye jamu.

Alhamisi moja msichana anayeitwa Pihla, rafiki yake, aliteremka kwenye kiti chake amefumbata kipande mkononi. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya dirishani. "Hii nimekubakizia," akamwambia. "Usimwambie mtu." Nuutti alishafungua mdomo. Sikuwahi hata kusimama. Raili alikuwa ameshatoka jikoni, amemdaka mkono, na kile kipande kimeangukia sakafuni.

Hakumgombeza Pihla. Alichuchumaa mbele yake, upawa bado uko mkononi, akamwambia, "Wewe una moyo mzuri. Kosa ni la kile nilichopika."

Jioni ndiyo akayabeba mayai.

"Huwezi kuwanyima watoto wote kwa ajili ya mmoja," Anneli alisema, kahawa ikiwa mezani. Mimi na Nuutti tulikuwa tumekaa kwenye kochi la jikoni. "Na huyo mmoja mbona analishwa vizuri tu? Ana sahani yake."

Raili alichovya mkate mkavu kwenye kahawa. "Mama yangu naye alikuwa na sahani yake."

Anneli akakishusha kikombe chake mezani.

"Alikuwa na kifua kikuu," Raili akasema, akitutazama mimi na Nuutti sasa, kwa sababu Anneli alikuwa anajua. "Bakuli lake lilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili sisi tusije tukalitumia. Alikuwa anakula mwisho wa benchi, huko mlangoni. Alipotoka hospitali amepona, daktari amesema amepona kabisa, tulimtengea nafasi mezani. Akaja na bakuli lake. Akaenda kukaa kule kule mlangoni. Mpaka anakufa hakukaa tena na sisi." Akamalizia kahawa. "Kwa hiyo mimi nataka sufuria moja. Wote wachote humo humo."

"Sawa," Anneli akasema polepole. "Lakini chapati ya sinia bila yai, Raili, hiyo ni sauna bila mvuke."

"Tutaona."

Na kweli tuliona, maana majaribio yote tulilishwa sisi. Milo ya msimu ule Raili aliipanga kichwani akitembea huku na huku jikoni kwake, anasema peke yake. Wakati wa baridi kuna nini? Kuna kabichi, karoti, ile mizizi ya manjano tunayoiita lanttu, viazi, shayiri. Ziwani kuna visamaki vidogo vinavyovuliwa chini ya barafu. Kwenye friza kuna puolukka, vile vitunda vyekundu vichachu tulivyochuma msituni Septemba. Vingi katika hivyo havijawahi kuhitaji yai. Ni mkono tu umezoea kulitia. Visamaki vikaviringishwa kwenye unga wa rai, nafaka ya mkate mweusi, na kukaangwa kwa siagi. Uji wa shayiri ukaachwa kwenye oveni siku nzima mpaka ukawa na ngozi ya kahawia ambayo watoto waliigombania. Nyama ya poro, kulungu wetu wa kaskazini, iliyokatwa nyembamba ilikwenda na viazi vya kupondwa na puolukka. Kabichi ya oveni yenye wali na nyama ya kusaga alikuwa ameishika tangu kambini, akaimwagia molasi juu.

Iliyomsumbua ilikuwa lanttu ya Krismasi, ile inayopondwa na kuokwa kwenye bakuli, kwa sababu bila yai ilikuwa inalala chali kama uji. Akajaribu chenga za mkate zilizolowekwa kwenye krimu. Ikasimama. Vidonge vya nyama akavishikilia kwa kiazi kibichi kilichokunwa. Na chapati ya sinia, baada ya kuharibu nyingi, akaipata kwa semolina iliyolala usiku kucha ndani ya maziwa, halafu sinia likachomwa kwanza na siagi mpaka linalia. Haikuvimba kama ile ya zamani. Lakini kingo ziliungua na katikati ilikuwa laini, na Anneli alikula vipande viwili ndipo akasema, "Siyo yenyewe."

"Siyo."

"Nipe kingine."

Alhamisi ya kwanza ya Desemba, Raili aliibeba meza ndogo ya dirishani akaitia stoo. Akakivua kifuniko cha Nuutti ule utepe wenye jina na kukirudisha kabatini. Akaweka sufuria moja katikati. Nuutti aliletewa kiti kati ya Pihla na mvulana mwingine, akakaa ameweka mikono chini ya mapaja, anamtazama mwalimu Heta, anamtazama Raili.

"Na mimi?" akauliza.

"Na wewe. Leta bakuli."

"Kutoka humu?"

"Kuna sufuria nyingine unayoiona?"

Alikula supu, akala chapati, akaomba tena, akapata tena. Raili alisimama kwenye dirisha lake na kitambaa begani. Sikumwona akitabasamu, si mtu wa hivyo, lakini alisahau kufunga bomba la maji.

Kijiji kilikuwa na maneno yake. Taisto, dereva wa greda la theluji, ambaye alikuwa na ruhusa ya kula hapo mchana, alikuwa anaingia anapiga buti sakafuni na kuuliza kwa sauti, "Raili, kuku walikukosea nini hasa?"

"Waliuliza maswali wakati wa kula."

"Mimi nataka kujua tu. Niwape pole."

Watoto walikuwa wanavunjika mbavu. Lakini si kila mtu alikuwa anatania. Mzazi mmoja alipeleka malalamiko halmashauri: kwa nini mwanawe aishi bila yai kwa sababu ya mtoto wa mwenzake, na nani alimpa mpishi ruhusa ya kubadilisha chakula cha watoto wote? Mjini wakamwita Raili aende akajieleze. Ikijulikana kuwa hana sababu, meza ya dirishani itarudi, na huenda hata jiko lifungwe, kwa sababu tayari huko mjini kulikuwa na jiko kubwa lililokuwa likisambaza chakula kwenye vijiji vingine kwa gari. Siku waliyompangia ilikuwa Jumanne ya Mteremko.

Hiyo ndiyo siku ambayo kila mtoto anateleza kilimani na sleji, na wakirudi wanakula skonzi za iliki zilizokatwa katikati na kujazwa jamu na krimu. Raili alishazijaribu wiki za nyuma. Yai ndani si lazima, skonzi zile zinakandwa kwa maziwa na siagi. Tatizo lilikuwa juu. Kila mwanamke wa kwetu, kabla ya kutia skonzi kwenye oveni, anachukua brashi na kuzipaka yai lililopigwa ili zing'ae. Raili alipaka maziwa. Zikatoka nzuri ndani, na nje kavu, rangi ya kijivu kidogo.

Taisto alichukua moja akaigonga mezani. "Hizi nichukue za jiko la sauna? Mawe yangu ya kutoa mvuke yamechakaa."

Watu walicheka. Raili naye alicheka puani. Anneli hakucheka. Nilimwona alivyomtazama Taisto, na alivyomtazama Raili, aliyekuwa amegeuka kuosha masinia ambayo yalishaoshwa.

Asubuhi ya Jumanne Raili alipanda basi la mjini amevaa koti lake la kanisani. Jiko alimwachia Anneli. Alimwelekeza kila kitu mara mbili, na Anneli akamwambia, "Mama wee, nimekanda unga tangu wewe hujui kufunga aproni. Nenda. Ukawaseme."

Nilikwenda kilimani mchana. Baridi ilikuwa ile ya kubana pua, jua jeupe. Nuutti aliteremka amelala kifudifudi juu ya sleji ya Pihla, wote wawili wanapiga kelele, kofia imemfunika macho. Halafu kengele ikagongwa, tukaingia ndani, buti zikajaa kwenye kibaraza, na skonzi zilikuwa mezani kwenye masinia marefu. Zilikuwa zinang'aa. Nilifurahi nilipoziona. Nilifikiri, Raili alipata dawa yake.

Anneli alisimama mlangoni mwa jiko amefumbata mikono tumboni. "Taisto yuko wapi?" akauliza. "Aje aone mawe."

Nuutti alikula nusu. Alikuwa na krimu puani na alikuwa anamwonyesha Pihla jinsi ya kuifikia kwa ulimi. Kisha akaacha. Akashika shingo.

"Saimi," akaniita. "Mkate unanishika."

Mwalimu Heta alikuwa na sindano ya dharura kwenye boksi la ukutani, na aliifikia haraka kuliko nilivyowahi kuona mtu akifanya kitu chochote. Alimchoma pajani juu ya suruali. Midomo yake ilikuwa imevimba, na alikuwa anavuta hewa kwa sauti ambayo siwezi kuielezea. Watoto wengine walipelekwa chumba cha kulala. Heta alimpakata akapiga simu, na huku anapiga simu akamuuliza Anneli, "Umetia nini?"

"Sikutia! Naapa, Heta, sikutia yai kwenye unga. Maziwa, siagi, iliki, kama alivyoniambia. Hakuna yai humo ndani."

"Na juu?"

Anneli akafungua mdomo. "Juu," akasema. "Juu nilipaka tu. Ili zisimwaibishe."

Lilikuwa moja. Alilileta kutoka kwake asubuhi, ndani ya glavu ya sufu, lisije likaganda njiani. Glavu yenyewe ilikuwa bado pale pembeni ya oveni.

Ambulensi ilipofika niliruhusiwa kukaa mbele. Njia ya mjini ni ya msitu tupu, theluji imerundikwa pande zote mbili, na magari yanapishana kwa shida. Kwenye kona ya ziwa, basi lilikuwa linakuja upande wetu. Dereva wake aliona taa, akalisogeza pembeni mpaka magurudumu yakazama kwenye theluji, akasimama tupite. Kwenye dirisha la tatu nilimwona Raili. Alikuwa amevua kofia, uso umemchangamka, ameshikilia mfuko mapajani. Alikuwa anaitazama ambulensi jinsi watu wote wanavyoitazama, kwa huruma kwa mtu asiyemjua.

Nuutti alipona. Walimlaza siku chache, wakamtazama, wakamrudisha. Hilo naliandika waziwazi ili asiwepo mtu wa kufikiri vingine.

Lakini Raili alishuka kwenye basi na habari njema. Heta ndiye aliyenisimulia hili. Aliingia akianzia mlangoni, "Wamekubali! Sufuria moja, majira yote ya baridi, na mwakani tena," akautua mfuko wake mezani. Ulikuwa na sukari ya punje, zile punje nyeupe nene zinazonyunyizwa juu ya skonzi. Aliiona dukani mjini akapata wazo: maziwa, halafu sukari, zitang'aa zenyewe. Halafu akauona mguu wa kiti kilichoanguka, na skonzi iliyoumwa, na Anneli ameketi sakafuni nyuma ya mlango wa stoo.

Hakumpigia kelele. Aliichukua ile skonzi, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu yake. Akasema, "Ni sufuria yangu," na hakuna aliyeelewa mara moja kwamba alikuwa anamaanisha kosa.

Mama alikwenda kuonana naye. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza na koti la Nuutti. Mama si mtu wa kufoka; anapokasirika anaongea chini kabisa.

"Sina neno na wewe, Raili. Najua ulichotaka kumfanyia."

"Ndiyo."

"Lakini siwezi tena. Kila mlo nitakuwa nawaza ni mkono wa nani ulioingia jikoni. Nataka kitu kilichofungwa. Kilichoandikwa jina."

"Najua, Jaana."

"Usinichukie."

"Unanichekesha," Raili alisema, na sauti ilimkatika katikati.

Halmashauri nayo haikungoja kuulizwa. Chakula kikaanza kuja kutoka mjini kwa gari, kwenye maboksi, na cha Nuutti kwenye boksi dogo lililofungwa kwa plastiki, kifuniko kina jina lake kwa herufi za mashine. Raili alibakizwa kuwasha joto na kuosha vyombo. Jiko lake kubwa lilipoa. Meza ya dirishani ilitolewa stoo, na aliyeitoa alikuwa Raili mwenyewe. Aliifuta kwa kitambaa cha maji, miguu yote minne, kabla ya kuiweka mahali pake.

Anneli aliacha kwenda kwaya. Mapazia yake hayakufunguliwa. Nilimwona Raili siku nyingi akienda kugonga, akisimama, akisema kitu kwenye mlango, akingoja. Mlango haukufunguliwa. Basi akawa anachukua koleo la Anneli, linaloegemezwa ukutani, anazoa theluji kutoka ngazini mpaka barabarani, analirudisha koleo, anakwenda zake. Theluji ikianguka tena anarudi. Siku moja binti yake Anneli alikuja na gari kutoka kusini, akatoa masanduku, akamtoa na mama yake amejifunga shali usoni. Raili alikuwa uani kwake. Aliinua mkono. Gari liliondoka. Mkono ulibaki juu kwa muda, halafu akautumia kurekebisha kofia.

Mwezi Machi theluji inakauka juu mpaka unaweza kutembea bila kuzama, na mwanga unarudi. Alhamisi moja Raili alitungoja nje ya chekechea. "Njooni kwangu mle," akaniambia. "Nimemuuliza Jaana. Amesema sawa, kama ni mimi peke yangu ninayepika."

Jikoni kwake kulikuwa na joto, na ile harufu. Supu ya njegere iko juu ya jiko, chapati ya sinia ndani ya oveni inaungua kingo. Kwenye kizingiti cha dirisha mfuko wa sukari ya punje ulikuwa bado haujafunguliwa. Alikuwa ameweka sahani tatu na sufuria moja katikati, kama alivyopenda.

"Karibu, Nuutti. Chota."

Nuutti alipanda kwenye kiti. Aliitazama sufuria. Aliitazama sahani yake, akaigeuza akaangalia chini yake, kisha akatazama meza yote.

"Kifuniko changu kiko wapi?"

"Hapa hakuna haja," nikamwambia. "Ni Shangazi Raili."

"Lakini kifuniko changu kiko wapi?"

"Nuutti, hakuna yai nyumba hii. Hata ganda. Mimi nimepika, mikono yangu tu," Raili akasema, akamwonyesha mikono, mbele na nyuma.

Nuutti hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Aliweka mikono chini ya mapaja, akageuza shingo akatutazama sisi, jinsi alivyokuwa akiwatazama wenzake kutoka meza ya dirishani. "Siwezi kula bila kifuniko," akasema kwa upole, kama anayemweleza mtu mzima asiyeelewa. Halafu akateremka, akakishika kiti chake, akakiburuta hadi kwenye dirisha, mbali na meza, akakaa pale.

Raili alisimama na upawa mkononi. Nilijua anaona benchi jingine, na mlango mwingine. Alisimama muda mrefu mpaka supu ikaanza kushika chini, nikaenda kupunguza moto.

Kisha akafungua kabati. Akachota supu kwenye sahani ya Nuutti, akaifunika na kifuniko cha sufuria ya maziwa, akaibeba mpaka dirishani na kuiweka juu ya kizingiti, kando ya ile sukari. Akarudi. Akachota yangu, akatafuta, akaifunika na kifuniko cha birika, kidogo mno, kikazama pembeni. Yake akaifunika na sahani iliyopinduliwa. Akachukua kiti chake akakiweka dirishani upande huu wa Nuutti, na changu upande ule. Tukakaa tumebanana, magoti yanagusa ukuta, sahani zetu tatu zilizofunikwa zimepangwa kwenye kizingiti chembamba, na huko nje theluji inawaka jua.

"Haya," Raili akasema. "Tufunue."

Nuutti alisubiri mpaka sisi tumefunua kwanza. Ndipo akafunua yake, akanusa, akala supu, polepole, hadi mwisho. Chapati ya sinia hakuigusa. Raili hakumlazimisha. Aliirudisha kwenye oveni isipoe, na tulipokuwa tunavaa makoti kwenda nyumbani bado ilikuwa mle, kingo zimezidi kuwa nyeusi, na harufu yake ilitufuata mpaka barabarani.